Ukitaka kumjua mungu wa mtu, angalia kinachomkasirisha

#1 Mkaa Pembeni (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu hauna Simba wala Yanga, na siasa haimo, ingawa chawa watajikuta wamepitiwa kidogo. Ni mrefu. Mwenye bando la kuungaunga aniwie radhi.

Tukiulizana dini hapa kila mtu ana jibu lake. Muislamu, Mkristo, na wachache watasema hawana. Majibu hayo ni ya Ijumaa na Jumapili. Swali langu mimi ni la Jumanne, saa kumi na mbili jioni, umechoka, simu inakaribia kuzima, na hakuna anayekutazama. Saa hiyo unamwabudu nani?

Ukiivua ibada kanzu na joho, inabaki kitu unachokirudia bila kukumbushwa na kukitolea sadaka bila kuuliza itarudi lini. Kwa kipimo hicho sijaona binadamu asiyeabudu. Hata yule jamaa anayejitapa humu kila wiki kwamba haamini chochote, ana kitu ambacho ukikigusa tu anavimba. Ndiyo maana siku hizi simuulizi mtu anasali wapi, naangalia anakasirika wapi. Kuna mtu utamtania imani yake atacheka na wewe, ila mkwaruzie gari uone. Mwingine gari hana habari nalo, lakini mtaje jina bila kuanza na "mheshimiwa" au "daktari", kikao kizima kinapoa. Chawa ndio wepesi kuwasoma: wao mungu wao ana namba ya simu, na akishuka cheo wanahama hekalu usiku huohuo.

Kuna jambo kwenye habari ya ndama wa dhahabu ambalo huwa halihubiriwi sana. Kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 32, watu wanataka mungu wa kuwatangulia, na Haruni anawaambia wavunje pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao. Hakuletewa dhahabu kutoka nchi nyingine. Yule ndama aliyeyushwa kutoka kwenye mapambo yao wenyewe, wakamsujudia. Nikiangalia sanamu tulizonazo leo naona malighafi haijabadilika.

Sasa nimtaje mungu ambaye kwa macho yangu ana waumini wengi kuliko wote mjini hapa. Hana msikiti, hana kanisa, hana fungu la kumi maalumu, lakini anakusanya kuliko wote. Anaitwa Watu. "Watu watasemaje." "Watu watatuonaje." "Tusije tukaaibika mbele za watu."

Angalia harusi zetu. Kuna barua, kuna mahari, kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, na mambo yakiisha kamati inadai vunja jungu. Kila hatua na sare yake, na MC wake, na mpambaji. Kijana ana mshahara wa kawaida, binti naye hivyohivyo, na wanaanza ndoa wakiwa na marejesho benki kwa ajili ya ukumbi ambao wao wenyewe walikaa mbele kwenye viti vya kifalme na chakula hawakukimaliza. Waulize nani alitaka ukumbi ule. Hatakuwa bwana harusi, hatakuwa bibi harusi. Mama wa bibi harusi atakwambia yeye alitaka kitu kidogo tu cha nyumbani. Watakwambia ni Watu.

Basi tuwaangalie hao Watu. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani na wenzake walichapisha jaribio moja la kuchekesha. Mwanafunzi anavalishwa fulana yenye sura ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye kwa vijana wale kuonekana naye kifuani ilikuwa aibu. Anaingizwa kwenye chumba cha wanafunzi wenzake, anatolewa, kisha anaulizwa: unadhani wangapi wameona fulana yako? Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwemo. Walipoulizwa wenyewe waliokuwemo, walioiona walikuwa kama robo. Waliobaki walikuwa na mambo yao. Chumba kizima kila mtu yuko bize na fulana yake, hata kama hakuvalishwa.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tunasema "watu watasemaje" kana kwamba ni kujali jamii, ni heshima, ni utu. Mimi nasema ni umimi umevaa nguo za ujirani. Anayewaza watu watamwonaje hawazi watu hata kidogo. Anajiwaza yeye, na watu amewapa kazi ya kumshikia kioo tu. Ukumbini pale mama mwenye kitenge kipya anawaza kitenge, mjomba anawaza gari alivyoliegesha, shemeji anawaza picha alizotupia zimepata laiki ngapi, na bibi harusi anadhani wote wanamtazama yeye. Tumejaza ukumbi wa mamilioni na hakuna mtazamaji.

Sisemi watu ni wabaya. Umimi hauhitaji ubaya, unahitaji kusahau tu kwamba unatazama dunia ukiwa umesimama mahali fulani. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, mume peke yake na mke peke yake, kila mmoja anabeba kiasi gani cha shughuli za nyumbani. Wakajumlisha. Kwa shughuli nyingi, fungu la mume na fungu la mke vilizidi asilimia mia. Mtasema kila mtu alijipendelea. Lakini hata kwenye mambo ya aibu, kama kuanzisha ugomvi, kila mmoja alijihesabia zaidi! Hawakuwa wanadanganya. Vyombo ulivyoosha wewe unavikumbuka kwa sababu ulikuwepo. Alivyoosha mwenzako ulivikuta tayari ni visafi.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia pale Princeton, Marekani, vijana wanaosomea uchungaji. Kila mmoja alipewa mada ya kwenda kuizungumzia kwenye jengo la pili. Nusu walipewa Msamaria Mwema, nusu mada ya ajira. Wengine wakaambiwa muda upo, wengine wakaambiwa nenda sasa hivi, wengine wakaambiwa umeshachelewa, wanakusubiri. Njiani kwenye uchochoro kulikuwa na mtu amejikunja mlangoni, macho amefumba, anakohoa na kugumia. Alikuwa amepangwa na watafiti, wao hawajui.

Walioambiwa muda upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Waliokuwa na haraka ya kiasi, 45. Walioambiwa wamechelewa, 10. Na kwamba kichwani una Msamaria Mwema hakukubadilisha kitu cha kuhesabika. Watafiti wanaandika kwamba ilitokea zaidi ya mara moja, mwanafunzi anayekwenda kuhubiri habari ya kuhani na Mlawi waliompita majeruhi kando akamvuka huyu mgonjwa akaendelea na safari.

Msiwacheke. Baadhi ya waliompita walifika upande wa pili wakiwa wamefadhaika, hawakuwa na roho ya jiwe. Walikuwa na miungu wawili siku ile, mmoja wa kwenye karatasi waliyoshika, mwingine wa kwenye saa. Na walipoitwa na wote wawili kwa pamoja, miguu ikajibu kwa niaba yao kabla hawajaulizwa. Kilichonitisha ni hicho: hakuna aliyekaa chini akachagua. Hakuna aliyesema "leo nachagua ratiba, mtu huyu afe". Ibada nyingi tunazozifanya ni za namna hiyo. Hatukuzichagua, tulizikuta tumeshapiga magoti.

Kwa hiyo kuwa macho ninakokuzungumzia hapa hakuhusu kutafakari mlimani wala kufunga kula. Ni kule kushtuka tu, katikati ya hasira au haraka, ukajiuliza: hivi sasa hivi ninamtumikia nani? Hasira ndiyo kengele nzuri kuliko zote kwa sababu huwa haichelewi. Mtoto amemwaga chai kwenye kochi ambalo hata wageni hawalikalii, umempigia kelele mpaka majirani wamesikia. Kochi lile ni la nani?

Nawasilisha. Leteni miungu yenu.

#2 Fupisha Mkuu

Umeandika gazeti. Nimesoma mpaka kwenye ndama nikasinzia. Kwa kifupi unataka tusichange harusi?

#3 Kapuku Halisi

Mtoa mada, uandishi mzuri, lakini hizi ni habari za walioshiba.

Mimi nina kibanda cha chipsi. Nimekopa kausha damu, marejesho ni ya kila siku, na ukiruka siku wanakuja na kirikuu kubeba godoro mbele ya watoto. Naamka nawaza hela, nakaanga nawaza hela, nalala nawaza hela. Kwa kipimo chako mimi naabudu hela. Na mteja akileta maneno nakasirika kwelikweli, kwa hiyo hata kengele yako imelia. Sasa niambie, mtu anayezama ukimkuta anawaza hewa tu, utasema anaabudu hewa? Mimi nadhani kuna kuabudu na kuna kuogopa, na wewe umevichanganya kwa sababu umekaa pembeni kama jina lako.

#4 Mzee wa Mkeka

Mimi nakiri hadharani. Wikiendi iliyopita niliweka timu kumi na mbili, kumi na moja zikatiki. Imebaki moja ya ligi ya nchi ambayo ukinipa ramani siioneshi. Dakika ya 88 nilikuwa naiombea ile timu kwa uchungu ambao sijawahi kumwombea mama yangu mzazi. Ikatoa sare. Mkeka ukachanika.

Halafu nikasikia adhana.

#5 Mwekahazina

Nimekuwa mtunza fedha wa kamati za harusi kwa muda mrefu kiasi kwamba mtaani ndilo jina langu, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Ulichosema kuhusu Watu ni kweli, na mbaya zaidi hujaona daftari. Kila jioni natuma orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, tiki. Ninajua kwa hakika kwamba wapo wanaolipa ili jina lipate tiki, basi. Kuna watu wamelipa dabo na harusini hawakuja. Kuna aliyekopa ili achange, nikajua, na pesa nikaipokea kwa sababu kamati ina bajeti. Hao wote hawakumchangia bibi harusi. Walilipa kodi.

Lakini usiishie hapo. Baba yangu alipofariki, kundi lilelile la harusi mtu alilibadilisha jina usiku uleule likawa la msiba. Jeneza, turubai, na basi la kwenda Moshi vililipiwa kabla mimi sijajua bei yake. Waliokuwa wanachanga kwa kuogopa orodha ndio waliokesha na mama. Sasa hapo niambie, walikuwa wanamwabudu Watu au walikuwa watu? Kuna wema unaingia kwa mlango wa aibu na ukishaingia unakaa. Ukiwasubiri binadamu mpaka nia zao zitakate ndipo wachange, utazika mwenyewe.

#6 Ustadhi wa Tandika

Assalaam alaykum.

Mada hii imeshasemwa na Qurani katika Sura al-Furqan aya ya 43, juu ya mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake. Hakutajwa mtu wa sanamu za mawe pale.

Ila mimi ningependa mrudi kwenye Sura al-Maun, ambayo wengi wetu tuliihifadhi tukiwa chuoni na ubao mkononi. Ina aya saba tu. Inaanza na anayemsukuma yatima na hahimizi kumlisha maskini. Kisha inawageukia wanaosali. Narudia, wanaosali. Ole wao wanaopuuza sala zao, wanaojionesha, na wanaozuia msaada mdogo. Wafasiri wakieleza msaada huo wametaja vitu kama chungu, ndoo na shoka, vitu vya kuazimana majirani.

Kwa hiyo mizani haikuwekwa mbali. Jirani amekuja kuazima ndoo, wewe ndoo ipo, ukamwambia imepasuka kwa sababu mwezi uliopita alichelewa kurudisha. Hapo ndipo ibada inapokaguliwa. Ndugu yangu wa chipsi, wewe ukimwongezea mtoto wa shule kipande kimoja bila kumhesabia umeshaingia kwenye sura hiyo kwa upande mzuri, deni lako liko palepale.

#7 Nesi wa Usiku

Mimi niongeze kitu ambacho watu wa dini na wa falsafa huwa wanakisahau: umakini una kiasi, na kikiisha kimeisha.

Mwaka 2013 kuna utafiti ulichapishwa ambapo wataalamu 24 wa kusoma picha za eksirei na CT walipewa picha za mapafu watafute vinundu, yaani viuvimbe vidogo. Kwenye picha mojawapo waliingiza umbo la gorila, kubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakuliona. Vifaa vilionesha kwamba wengi wao macho yalipita hapohapo lilipo. Hawa si wazembe na hawana majivuno. Waliambiwa tafuteni vinundu, wakatafuta vinundu.

Wodini hivyohivyo. Saa tisa usiku, wauguzi wawili, wagonjwa wamejaa mpaka chini, utasikia "yule wa kitanda cha sita" na "ile malaria kali". Hatujakosa utu. Jina la mtu linahitaji nafasi kichwani na nafasi imejaa dripu na saa za dawa. Ninachofanya, na nilifundishwa na dada mmoja aliyestaafu, ni kwamba ninapokabidhiwa zamu napita kitanda kwa kitanda nataja jina la kila mmoja kwa sauti kabla sijashika faili. Baada ya hapo siwezi kuahidi kitu. Lakini pale mwanzoni kichwa kikiwa bado kina nafasi, natafuta watu. Vinundu vitafuata. Mtoa mada anasema tushtuke katikati ya haraka. Katikati ya haraka mimi sishtuki, nimeshachoka. Kama hukuamua kabla ya zamu kuanza, zamu itakuamulia.

#8 Mkaa Pembeni (mtoa mada)

Fupisha Mkuu: changa. Endelea kulala.

Kapuku Halisi, swali lako ndilo zito kuliko yote humu na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Nakubali kabisa kwamba kuogopa si kuabudu. Mwenye njaa anayewaza chakula hamwabudu chakula, anaumwa njaa. Mimi ninavyotenganisha ni hivi: mwenye njaa akila, anaacha kuwaza chakula na anakumbuka mambo mengine. Anayeabudu akipata, anaanza kuhesabu upya. Siku ukimaliza lile deni ndipo utajua ulikuwa upande gani, na kabla ya hapo hakuna mwenye haki ya kukuhukumu, mimi nikiwemo. Ila nina la kuongeza. Wanaobeba godoro lako nao wana mungu, na wanajua mahali pa kukubana ni palepale pa Watu. Ndiyo maana wanakuja mchana, majirani wakiwepo.

Mzee wa Mkeka, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alishawafanyia njiwa mambo hayo. Njiwa anayepata punje kila akidonoa, ukimkatia anaacha mapema. Anayepata kwa kubahatisha, leo mara mbili, kesho hakuna, anadonoa na kudonoa. Zile kumi na moja zilizotiki ndizo punje zako. Mpigie mama.

Nesi, umenipa kitu. Nilikuwa naweka mzigo wote kwenye ile sekunde ya hasira, wewe unaupeleka nyuma, kabla ya zamu. Wale vijana wa Princeton nao, nadhani, walishaamuliwa pale mlangoni walipoambiwa "umechelewa". Kufika uchochoroni ilikuwa utekelezaji tu. Nadhani ndiyo maana sala za alfajiri zimewekwa alfajiri, lakini hapo namwachia Ustadhi.

Mwekahazina, hilo la msiba sina namna ya kulipinga na wala sitaki. Nitasema hivi tu: ule usiku wa msiba hakuna aliyekuwa anashikiwa kioo. Marehemu halaiki picha. Ndio maana watu walewale, kundi lilelile, walitoka wakiwa binadamu. Kwa hiyo tatizo haliko kwa watu wala kwenye kuchanga. Orodha ya tiki ndiyo inayonisumbua. Hivi umewahi kuendesha kamati bila kutuma orodha?

#9 Mwekahazina

Niliwahi. Tulikubaliana kila mtu atume kwangu kimya kimya, jina lisitajwe. Ahadi zilipungua, hilo usiulize. Ila waliotoa walifika wote harusini, wakala, wakacheza, na hakuna aliyeniuliza nani katoa ngapi mpaka leo, isipokuwa mama wa bwana harusi, ambaye ananipigia kila Idi kutaka orodha.

Mdogo wangu anaoa mwezi wa kumi na mbili. Kadi nakutumia PM. Singo, na hakuna tiki.